Naomba ushauri: pevingi za njia ya gari zinatitia

Habari zenu wakuu, na shikamooni kwa wakubwa. Niko Mikindani, Mtwara. Nimetandika pevingi kutoka getini hadi barazani, kama mita 14 kwa 3, bloku za unene wa milimita 60. Gari linalopita ni dogo tu, ukiacha Fuso la mchanga lililoingia mara mbili.

Mvua zilipoanza, njia ikatitia pale matairi yanapokanyaga, na bloku za pembeni zikaanza kuachana. Fundi alikuja akazing'oa, akaongeza mchanga, akarudishia. Wiki tatu, mashimo yaleyale. Safari ya pili nikasimama mwenyewe kuangalia: chini hakuna moramu, ni mchanga mtupu wa karibu sentimita 12, halafu udongo wetu huu wa kichanga. Ushindiliaji ulifanywa kwa kipande cha gogo! Pembeni napo hakuna kingo za zege, bloku zimeegemea udongo tu. Na mimi nilikuwepo siku anatandika, nikamsifia.

Naelewa mchanga wa kulazia bloku unatakiwa kuwa sentimita 3 hadi 5, kazi ya kubeba uzito ni ya moramu iliyoshindiliwa. Sasa naomba kujua: ning'oe njia yote, au nikitengeneza mikondo miwili ya matairi na kujenga kingo itatosha? Na kwa udongo wa kichanga kama huu, moramu niweke unene gani, nishindilie kwa tabaka ngapi?

Bloku zenyewe ni nzima, nataka kuzitumia tena.