Naomba ushauri: niache uanagenzi wa digrii mwaka wa pili, au nivumilie?

KijanaWaChumbageni
Jumapili, saa 5:48 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo limenifika.

Niko Uingereza, mji mmoja wa Midlands. Tulihamia huku kutoka Tanga nikiwa na miaka tisa, sasa nina 20. Septemba 2024 niliingia kwenye uanagenzi wa digrii, ambao sisi huku tunauita aprentisi tu. Kampuni imekuajiri na inakulipa mshahara, na wakati huohuo umesajiliwa chuo kikuu. Shahada yangu ni ya teknolojia ya kidijitali, upande wa uhandisi wa programu, miaka minne. Ada wanalipa kampuni na serikali, mimi sitoi hata senti. Siku nne kazini, Jumatano chuo.

Nyumbani tulichagua njia hii kwa sababu ya riba. Mzee alishasema mapema kwamba mkopo wa riba hauingii kwenye nyumba yake. Siku barua ya kampuni ilipofika, mama alipika pilau, akaita Waswahili wote wa mtaa.

Mwaka wa kwanza ulikwenda. Tabu imeanza Januari hii. Watu wawili kwenye timu yetu waliondoka na nafasi zao hazikujazwa. Bosi wangu akaniambia Jumatano niwe naingia kwenye kikao cha asubuhi tu, robo saa, kisha niendelee na masomo. Robo saa ikawa saa nzima. Sasa hivi mpaka saa nane mchana nashughulikia malalamiko ya wateja, na mhadhara uko kwenye dirisha la pili nimeuzima sauti. Nausikiliza saa saba usiku. Moduli ya hifadhidata nimepata 43, na ya kufaulu ni 40. Hifadhidata ndiyo kazi ninayoifanya kila siku!

Tena mjomba hupiga simu kila Ijumaa kutoka Tanga: "Sasa wewe unasoma au unafanya kazi?" Sina jibu.

Kuna chuo kingine kimesema kinaweza kunipokea Septemba mwaka wa pili, kama mwanafunzi wa kawaida. Nikiacha, kampuni inaweza kunidai ada iliyolipa? Mkopo wa wanafunzi wa huku hasa ukoje? Na je, humu kuna aliyepita njia hii? Naomba kuwasilisha.

---

MchekeshajiWaIpagala
Jumapili, saa 5:55 usiku

Unalipwa kusoma halafu unalia. Sisi huku tunalipa kusoma na bado tunalia. Hebu nielekeze hiyo foleni ya wanaolipwa inaanzia wapi.

---

Nahodha_Mstaafu
Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Mpuuze huyo juu, ndiyo kawaida yake.

Mdogo wangu, mimi nilipita humohumo. Mpango wenyewe England ulianza 2015, mimi niliingia miaka miwili baadaye, upande wa usalama wa mitandao, nikamaliza 2021. Kwa hiyo hilo dirisha la pili lililozimwa sauti nalijua. Langu lilikuwa Alhamisi.

Sikia jambo moja kabla ya mengine. Siku yako ya chuo hupewi kwa hisani ya bosi. Ulipoanza ulisaini karatasi inayoitwa mpango wa mafunzo, ina sahihi tatu: yako, ya mwajiri na ya chuo. Itafute leo. Kwa mtu aliyeanza 2024 kanuni inataka wastani usiopungua saa 6 za mafunzo kwa wiki, na saa hizo ziwe ndani ya saa za kazi zenye malipo. Mkikubaliana usome nje ya saa za kazi, unarudishiwa muda huo. Kusoma kwako kwa saa saba usiku hakuhesabiwi kuwa ndiyo mafunzo yako, huko ni kufanya kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Mimi kosa langu lilikuwa kunyamaza. Tumelelewa hivyo, mkubwa akisema unaitikia. Nilimaliza mwaka mzima nikiitikia, nikidhani bosi anaona ninavyochoka. Wala haoni! Yeye anaona tiketi, yaani malalamiko ya wateja kwenye mfumo, zinafungwa, basi kwake mambo safi. Siku niliyomwonyesha kwa maandishi wiki kumi mfululizo, saa alizochukua moja baada ya moja, alishtuka kweli. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na pengo la watu akaliziba na aliye karibu na asiyebisha.

Kwa hiyo fungua daftari. Kila Jumatano andika umeitwa saa ngapi, kwa ajili gani, umeachiwa saa ngapi. Kisha kila baada ya miezi mitatu hivi kuna kikao cha watu watatu, wewe, bosi na mshauri wako wa chuo. Usingoje kikao kifike, mwandikie mshauri sasa umwombe akilete mbele. Chuo nacho kina cha kupoteza, maana kinalipwa kwa mafunzo yanayofanyika, na wakaguzi wakija wanataka ushahidi wa saa.

La pili, na hili ndilo lililoniokoa mwaka wa tatu. Kazi za chuo zifunge kwenye kazi za ofisini. Ukipewa zoezi la hifadhidata usibuni duka la vitabu la kufikirika kama wanafunzi wengine. Omba ruhusa utumie tatizo halisi la timu yako, ukificha data za wateja. Mwisho wa safari utatakiwa kufanya mradi mkubwa kazini, uuandikie ripoti, uuwasilishe, kisha ukae na mtathmini akuhoji huku jalada lako la ushahidi liko mezani. Aliyeanza kukusanya ushahidi mwaka wa kwanza analala. Mimi nilianza miezi minne kabla. Sitaki kuikumbuka Ramadhani ile.

Pesa ni tamu, ila upweke upo. Hukai hosteli wala huna kundi la usiku wa mitihani, na ofisini wewe ndiye mtoto. Mimi kilichonisaidia ni wanagenzi wenzangu wanne wa kampuni nyingine, tulikuwa na kundi la simu la kulalamika tu. Tafuta lako.

---

Mama_Wawili_Reading
Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya rasilimali watu, nikujibu la deni. Gharama za mafunzo ya uanagenzi mwajiri haruhusiwi kumtoza mwanagenzi, amalize au aache katikati. Ni kanuni za fedha za serikali, na hata mkataba ukiandikwa vingine kifungu hicho hakisimami mbele ya kanuni. Waajiri wakubwa, ambao mishahara yao yote inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka, wanakatwa tozo ya asilimia 0.5 tangu Aprili 2017, na ada yako inatoka kwenye fungu hilo. Kwa hiyo usiingizwe hofu na mtu atakayekuambia "tumekutolea pesa nyingi".

Lakini soma mkataba vizuri. Kama walikupa pesa ya kuhamia mji, au walikulipia kozi nyingine nje ya uanagenzi, hiyo ni habari tofauti na wanaweza kukudai. Ukikwama piga simu Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi huku, ushauri wao ni bure.

Na swali la upande, mwanangu: unakula saa ngapi?

---

Sharifu_wa_Hesabu
Jumatatu, saa 7:30 mchana

Nimekuja kwenye mkopo. Hukumu ya riba muulize shekhe wako, mimi nitakupa namba tu.

Ada ya mwaka wa masomo 2025/26 England ilikuwa hadi pauni 9,535. Ukiingia mwaka wa pili una miaka miwili mbele, kwa kiwango hicho karibu pauni 19,000 za ada peke yake, hujala wala hujalala. Walioanza chuo kuanzia Agosti 2023 wako kwenye mpango unaoitwa wa 5: unalipa asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 za mshahara wa mwaka, na deni linafutwa baada ya miaka 40. Ukipata 30,000 unakatwa 450 kwa mwaka, yaani 37.50 kwa mwezi. Kwa aliyezoea Bodi ya Mikopo ya Tanzania na asilimia zake 15 za mshahara, hii inaonekana nyepesi. Ila miaka 40 ni maisha ya mtu.

Riba yake inafuata mfumuko wa bei. Wapo wanaosema kwa hiyo si riba, wapo wanaosema riba ni riba. Serikali ilishapitisha sheria 2017 ya kuwezesha mfumo mbadala usio na riba, na sisi tuliokuwa na watoto wadogo wakati ule tukashangilia. Watoto wamekua, mfumo haujafika. Kwa hiyo mzee wako hana ukaidi, amebanwa kama wengi wetu.

---

Nilitoka_Salama
Jumatatu, saa 3:15 usiku

Nije na upande wa pili maana humu naona wote mnamwambia abaki.

Mimi niliacha mwezi wa tisa wa mwaka wa kwanza, nikaenda chuo cha kawaida kwa mkopo, na sijutii. Lakini sikuacha kwa uchovu. Niliacha kwa sababu niligundua sipendi kuandika programu, na ile kazi ingenifunga miaka minne kwenye kitu nisichokipenda. Sasa nafanya takwimu za afya. Jiulize, Jumatano yako ikirudi mzima mzima, bado ungetaka kuondoka? Ukijibu ndiyo, ondoka bila aibu.

Na tahadhari kwa hicho chuo kipya. Shahada ni krediti 360, yaani vipimo vya kiasi cha masomo, mwanafunzi wa kawaida anabeba 120 kwa mwaka. Wewe uko kwenye mpango wa miaka minne, kwa hiyo kwa mwaka unabeba chache zaidi. Omba matokeo yako rasmi uhesabu, na hicho chuo kikuandikie kwamba ni mwaka wa pili kweli. Mimi niliambiwa kwa mdomo, nikaanza upya wa kwanza.

---

Kibokoni_Finest
Jumanne, saa 4:10 asubuhi

Poleni kwa kuingilia uzi. Ndugu yangu mdogo yuko Mombasa, amemaliza kidato cha nne na alama nzuri sana. Anaweza kuomba hii akiwa huku Kenya, aje na viza?

---

Mama_Wawili_Reading
Jumanne, saa 6:40 mchana

Hapana baba. Viza ya mwanafunzi hairuhusu, na fedha za uanagenzi kwa kawaida zinataka mtu awe anaishi huku kihalali kwa miaka mitatu. Akitokea wakala Mombasa anayewauzia nafasi hizo, kimbieni.

---

KijanaWaChumbageni
Jumanne, saa 4:22 usiku

Nimesoma yote mara mbili. Mama_Wawili, nakula saa kumi jioni, nisamehe.

Nilitoka_Salama umenigusa. Nimekaa na lile swali lako kwenye basi kwenda na kurudi. Napenda kazi. Juzi nilikaa saa tatu kutafuta kosa kwenye swali moja la hifadhidata na nilipolipata nilicheka peke yangu ofisini kama mwehu. Nachukia Jumatano tu.

Mpango wa mafunzo nimeupata kwenye barua pepe za 2024. Umeandika Jumatano nzima, saa 7.5. Sikuwahi kuusoma, nilisaini kwa simu nikiwa kwenye foleni ya kinyozi.

---

Nahodha_Mstaafu
Jumanne, saa 4:30 usiku

Mwandikie mshauri usiku huuhuu kabla ujasiri haujapoa. Kwa adabu, bila kumsema bosi vibaya. Namba zitamsema.

---

KijanaWaChumbageni
MREJESHO, wiki tano baadaye

Wakuu, niliahidi kurudi.

Kikao kilifanyika. Nilienda na jedwali la Jumatano zangu tangu Januari. Mshauri wa chuo alilisoma kwa sauti, tarehe kwa tarehe, na ule ukimya uliofuata sitausahau. Bosi alisema hakujua imefika huko. Mimi namwamini nusu. Tumekubaliana Jumatano sionekani kabisa kwenye mfumo, zamu ya dharura anachukua mwingine, na saa zilizopotea narudishiwa kama siku sita za kusoma kabla ya mitihani ya Mei.

Si kila kitu kimekaa sawa. Kuna mwenzangu mmoja kwenye timu siku hizi ananiita "mwanafunzi" kwa namna fulani. Na bado hawajaajiri mtu.

Chuo kingine nimekiandikia nashukuru, sitakuja mwaka huu. Krediti zangu kweli zilikuwa hazitoshi.

Mjomba alipiga Ijumaa. Nikamwambia Jumatano nasoma, siku nyingine nafanya kazi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hiyo kampuni inachukua na watu wa hamsini na tano.

Kazi ya pili ya hifadhidata naikabidhi wiki ijayo, nimetumia tatizo letu la ofisini kama Nahodha alivyosema. Alama zikitoka nitaziweka hapa, hata zikiwa 43 nyingine.