Shilingi 3,000 za kusaidia kila mwezi, maombi hayaishi. Nizipeleke wapi?

Mkaazi_Donholm:
Hamjambo wadau. Nimeajiriwa, mshahara ni wa kawaida. Nikishatoa kodi, karo ya watoto na za wazazi nyumbani, nimejiwekea shilingi 3,000 kwa mwezi za kusaidia watu nje ya familia. Sadaka ya kanisani iko kando. Shida ni kuzigawa. Naamka nakuta nimeingizwa kwenye kundi jingine la WhatsApp la kuchangia bili ya hospitali. Kuna makao ya watoto kule Ruai tuliyotembelea na wenzangu wa kazini. Kuna mtoto wa jirani aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Kufikia sasa natoa mia mbili hapa, mia tatu pale, na siwezi kusema zimemfaa nani. Kumpita mtu mwenye shida kunaniuma sana. Nyinyi huamuaje?

MamaWawili_Umoja:
Amua kabla hujaombwa. Ombi likishafika na picha ya mgonjwa kitandani, hapo hufikirii tena, unatuma tu. Sisi nyumbani tulichagua jambo moja: chakula cha shule. Shule za msingi za umma hapa Nairobi zina mpango wa Dishi na County tangu 2023, pamoja na shirika la Food4Education. Mzazi anachangia shilingi 5 kwa mlo, nyingine zinalipwa na kaunti na wafadhili. Mtoto anavaa bangili, mzazi anaiwekea pesa kwa M-Pesa, saa ya chakula anaigusisha kwenye kifaa na sahani inajazwa. Wiki nzima ni shilingi 25, na bado hapa kwetu kuna mama wa kufulia watu nguo ambaye zinamshinda wiki isiyo na kazi. Nikimtumia, jioni naona watoto wanacheza.

MstaafuUstawi:
Kuhusu makao ya watoto, nenda polepole. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi. Watoto wengi walioko kwenye makao wana mzazi au ndugu aliye hai. Umaskini ndio uliowapeleka. Ndiyo maana mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 unataka warudi kulelewa katika familia. Waulize wasimamizi: mwaka jana mmerudisha watoto wangapi kwa jamaa zao, na mnawafuatilia vipi? Wenye nia njema watakufungulia daftari. Huyo mtoto wa jirani wa karo, kwa maoni yangu, anakuja mbele yao. Lipa shuleni moja kwa moja, na risiti iandikwe jina lake.

Hesabu_Kwanza:
Mimi naangalia shilingi inafika umbali gani. Utafiti wa dawa za minyoo shuleni ulifanyika hapa hapa kwetu, Busia, kuanzia 1998. Utoro ulipungua kwa robo hivi katika shule zilizopewa dawa. Michael Kremer, mmoja wa walioufanya, alipata Nobeli ya uchumi 2019 kwa kazi za aina hiyo. Gharama haifiki dola moja kwa mtoto kwa mwaka. Jambo lisilo na picha ya kuliza ndilo mara nyingi linalosahauliwa.

Mweka_Hazina_Kayole:
Ndugu Hesabu, nakuheshimu, lakini mchango wa bili usiuweke kando hivyo. Ukilazwa wewe kesho, wa Busia hawatakujua. Ni kundi lile lile la WhatsApp litakalokutoa hospitalini. Leo kwangu, kesho kwako. Kwenye chama chetu tunatenga fungu la dharura na likiisha tunasema limeisha, bila aibu. Tunatuma kwa nambari ya malipo ya hospitali pamoja na nambari ya mgonjwa, kamwe si kwa simu ya mtu.

Kuna jambo jingine ambalo nalisisitiza kila mkutano. Bili nyingi tunazochangia ni za watu wasiolipia SHA, bima ya afya ya serikali. Tangu Oktoba 2024 asiyeajiriwa anakadiriwa asilimia 2.75 ya kipato cha nyumba, kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa ya mwaka kwa mkupuo. Mama wa kibanda atoe wapi 3,600 kwa siku moja? Mlipie mmoja, na watoto wake wanaingia humo. Haimalizi kila bili, ila inapunguza mzigo kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Mkaazi_Donholm:
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimeshika hivi: 1,500 karo ya mtoto wa jirani mpaka amalize mwaka, 1,000 nizikusanye za SHA, 500 dharura na zikiisha zimeisha. Makao ya Ruai nitaenda na maswali ya Mstaafu kwanza. Nina mama mmoja mjane, anauza mboga hapa stejini, ningependa nianze naye. Naweza kumlipia kwa simu yangu?

Mweka_Hazina_Kayole:
Unaweza, lakini asajiliwe kwanza kwa *147#, na afanyiwe tathmini ya kipato ndipo kiasi kitokee. Usimjazie kwa kukisia, maswali yanahusu nyumba anayoishi: kuta, maji, choo. Kaa naye akishafunga kibanda, awe na kitambulisho na simu yake mwenyewe, maana msimbo wa kuthibitisha unatumwa huko.