Majirani Migosi, Kisumu: kitabu cha kweli cha likizo

Mama Tabby: Jioni njema majirani. Likizo yangu imekubaliwa, naanza Jumatatu, mwezi mzima. Nimechoka na simu. Nani ana kitabu kizuri cha mambo yaliyotokea kweli? Riwaya hapana.

Mama Tabby: Na kisiwe cha mwanasiasa anayejisifu. Nilichosoma mwisho, mwenyewe hajawahi kukosea tangu azaliwe. Hata kura alipoanguka, eti ni wananchi walioanguka.

Omosh Fundi: 😂😂😂

Baba Imani: Soma vile vya kutafuta pesa. Kuna kimoja kilinifungua macho kabisa.

Shiko: Na ile ploti ya Ahero ulishanunua?

Baba Imani: Bado niko sura ya tatu.

Mwalimu Wafula: Mama Tabby, usiwaweke wanasiasa wote kapu moja. Kuna Not Yet Uhuru, cha Jaramogi Oginga Odinga. Usikisome kwa ajili ya ugomvi wake na Kenyatta, huo unaujua tangu utotoni. Soma kule mwanzo, akiwa mwalimu Maseno. Anapeleka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiafrika, kanisa linakataa, naye anakataa kukataliwa. Halafu kuna ile Luo Thrift and Trading Corporation ya mwaka 1947. Mtu anazunguka Nyanza yote kuuza hisa kwa watu ambao hawajawahi kusikia hisa ni nini, hadi wanajenga Ramogi House hapa mjini. Pale hakuna hotuba, ni miguu na hesabu tu.

Baba Imani: Na yale ya hospitali ya Russia yamo? Ile siku Kenyatta alikuja kuifungua, risasi zikapigwa?

Mwalimu Wafula: Hayamo. Hospitali ilifunguliwa Oktoba 1969, kitabu kilitoka 1967. Alikuwa amejiuzulu umakamu wa rais Aprili 1966, kwa hivyo aliandika kidonda kikiwa bado kibichi. Hapo ndipo kitabu kinapopata moto wake, na hapo hapo ndipo kinapopungukiwa. Wapinzani wake hawapati nafasi ya kujitetea.

Mama Tabby: Si ndiyo hayo nilisema!

Mwalimu Wafula: Lakini huyu anakuonyesha stakabadhi. Wengine wanakuonyesha picha zao na marais.

Omosh Fundi: Mimi natoa The Man-Eaters of Tsavo. Patterson.

Shiko: Ya mkoloni Omosh?

Omosh Fundi: Ya mkoloni ndiyo. Kwetu ni watu wa reli, lazima nisome. Jamaa anakuja 1898 kujenga daraja la reli mto Tsavo, simba wawili wanaanza kuvuta watu kutoka kwenye mahema usiku. Wanazungushia boma la miiba, simba wanapenya. Wanawasha moto, simba wanakuja tu. Kazi ikasimama kabisa, vibarua wakatoroka kwa treni. Usikisome stima ikiwa imepotea.

Mwalimu Wafula: Muulizeni simba walikula watu wangapi.

Omosh Fundi: Nilijua utauliza 😅 Kwenye kitabu, 1907, anasema vibarua Wahindi 28, na juu yake Waafrika wengi ambao serikali haikuweka rekodi yao. Baadaye alipoandika tena, idadi ikafika 135.

Mama Tabby: Wakati simba wameshakufa?

Omosh Fundi: Wamekufa na alishawafanya mazulia nyumbani kwake. Mwaka 1924 akaziuza zile ngozi na mafuvu kwa jumba la makumbusho kule Chicago, dola 5,000. Wako huko mpaka leo, wamejazwa wakasimamishwa. Sasa wanasayansi walichukua mifupa na manyoya yao wakapima, matokeo yakatoka 2009. Wakakadiria kama watu 35 kwa simba wote wawili.

Mama Tabby: Manyoya ya zaidi ya miaka mia yanapimwaje?

Omosh Fundi: Kaboni na naitrojeni. Unachokula kinaingia mwilini na alama yake inabaki. Aliyekula pundamilia na aliyekula binadamu hawasomeki sawa. Manyoya yanaonyesha miezi ya mwisho, mifupa inaonyesha maisha yote. Na simba mmoja alikula watu wengi kuliko mwenzake.

Bi. Rukia: Mimi nimebaki kwenye lile la rekodi. Mhindi alikuja kwa mkataba, jina liko kwenye daftari, akifa kuna wa kuulizia. Wetu waliliwa bila kuandikwa.

Mwalimu Wafula: Kabisa Bi. Rukia. Kwa hivyo hata hiyo 35 msiikariri kama tarehe ya uhuru, ni makadirio. Kitabu chenyewe kisomwe, Omosh hajakosea. Simba walikuwepo na hofu ilikuwepo. Idadi tu ndiyo msipokee bila kuipima.

Mama Imani: Samahani nawakatiza. Maji yamerudi upande wa juu?

Shiko: Yamerudi ila ni tope. Acha yatulie kwanza.

Mama Imani: Asante. Endeleeni na simba wenu.

Bi. Rukia: Mama Tabby, mbona wote wanakupa vya Kizungu? Soma Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, cha Shaaban Robert. Binti wa Fumba, Unguja, kazaliwa katika umaskini, akauza vyungu vya mamake kwa miguu. Hakujua kusoma wala kuandika, nyimbo zote kichwani. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri, za Kiswahili! Mjini walimtungia kejeli za kaniki aliyokuja nayo, na wale wale wakawa wananunua santuri zake. Kiswahili cha humo hata ukikisoma kwa sauti peke yako unajiona una cheo.

Mwalimu Wafula: Kizuri. Ila Shaaban anamsifu mno, hamuulizi hata swali moja gumu.

Bi. Rukia: Mwalimu, yule mwanamke alisemwa vibaya vya kutosha akiwa hai. Mwacheni asifiwe.

Mwalimu Wafula: Nimenyamaza.

Shiko: Mimi ni mtu wa Nakuru kwa hivyo nitasema Binyavanga Wainaina, One Day I Will Write About This Place, 2011. Saluni ya mamake, babake akiwa mkubwa kule Bodi ya Pareto, mtoto ambaye kila saa yuko ndani ya kitabu. Mwanzoni sentensi zinakuchanganya, zinaruka ruka. Vumilia kurasa ishirini hivi, baadaye unasikia Nakuru yenyewe.

Shiko: Na kwa sababu mnabishana nani anasema kweli, huyu mwaka 2014 alichapisha kipande akakiita sura iliyopotea ya kitabu hicho. Ndipo aliposema yeye ni shoga, na jinsi ambavyo hakuwahi kumwambia mamake kabla hajafa.

Baba Imani: Hmm.

Bi. Rukia: Kufiwa na mama kabla hujasema la moyoni, hilo zito kwa mtu yeyote.

Shiko: Ndiyo Bi. Kwa hivyo kisome na hiyo sura, la sivyo umesoma nusu.

Mama Imani: Na Wangari Maathai, yule wa kupanda miti, hamumtaji? Unbowed. Mimi miti niliruka kidogo, mtanisamehe 🙈 ile talaka ndiyo ilinimaliza. Alisema ukweli wake kuhusu jaji wa kesi hiyo, akahukumiwa miezi sita, akatolewa baada ya siku tatu. Mume akataka asitumie jina lake tena. Akaongeza a moja, Mathai ikawa Maathai, maisha yakaendelea.

Mama Tabby: Weee! Hicho nakitaka.

Baba Imani: Mama Imani, hicho kitabu kiko wapi nyumbani? 👀

Mama Imani: Mahali huwezi kukipata.

Mwalimu Wafula: Ngoja kwanza. Mama Tabby, si wewe ni mkunga? Tumezunguka bure. Grace Ogot, Days of My Life, 2012. Mtoto wa Asembo, kasomea uuguzi Mengo kule Uganda, akaenda London kusomea ukunga, akarudi kufanya kazi hospitali ya Maseno.

Shiko: Si yule wa hadithi tulizosoma shuleni?

Mwalimu Wafula: Ndiye. Baadaye akawa mbunge wa Gem na waziri msaidizi.

Mama Tabby: Mwalimu! Mwanasiasa tena?

Mwalimu Wafula: Ukifika siasa ruka, sitakuuliza. Ninacho, lakini hakitoki kwangu bila jina na sahihi. Kuna mtu humu ana kitabu changu tangu mwaka juzi na leo ameandika sana kuhusu simba.

Omosh Fundi: Mwalimu naleta Jumapili nikienda soko la Kibuye. Haki nakiletea jalada jipya.

Mama Tabby: Niko zamu ya usiku leo. Kesho saa mbili asubuhi napita kwako Mwalimu. Mama Imani, cha Wangari nitachukua nikirudi kutoka Busia.

Bi. Rukia: Na usipite mlango wangu bila kuingia. Cha Siti ni chembamba, utakimaliza kwa matatu kabla hujafika Busia.