Dario Hübner: alichelewa mwenyewe au alicheleweshwa?

Kona_ya_Mbali
Wakuu habari za usiku. Jana kijiweni tulikuwa tunabishana kuhusu mastraika waliochelewa kutoka, mi nikamtaja Dario Hübner wa Italia, wote wakanikodolea macho kama nimemtunga. Kwa wasiomjua, mzaliwa wa kule upande wa Trieste 1967, ujanani ni fundi alumini huku anacheza mpira wa madaraja ya chini, akapita Pievigina, Pergocrema, Fano, halafu miaka mitano Cesena, Serie A, ligi kuu ya kwao, anakuja kuigusa 1997 na Brescia ashafika 30! Afu 2002 yuko Piacenza, timu ya kupigania isishuke, anamaliza mfungaji bora magoli 24 sawa na Trezeguet wa Juve. Sasa huyu maskauti walimpitia pembeni au ni zile sigara alizokuwa anavuta?

Mzee wa Calcio
Umenikumbusha mbali mkuu. Mechi yake ya kwanza Serie A ni San Siro, 31/8/1997, watu wamejaa kumwona Ronaldo de Lima anaanza ligi na Inter, mara Hübner, jina la utani Tatanka, huyo anafunga, Brescia wanaongoza. Kimyaaa. Afu anatoka benchi la Inter dogo wa Uruguay jina Recoba, mguu wa kushoto mara mbili, moja mbali kabisa na nyingine frikiki, 2-1. Mpaka leo mechi ile inaitwa ya Recoba, goli la Hübner utalisikia kwa wazee kama mimi tu.

dada_nyavu
Sigara msizisingizie jamani, hizo 24 si kazifunga akivuta hizohizo? Mi naona ni umri. 1996 kawa mfungaji bora Serie B, daraja la pili, na Cesena, magoli 22, ila ana 29, sasa timu kubwa gani inatoa hela kwa mtu wa 29 ambaye hajawahi kucheza ligi kuu hata dakika moja? Na aina yake ya mpira ilitaka nafasi ya kukimbia, ukimpeleka timu inayokaa na mpira muda wote anapotea. Timu ndogo ndo zilimfaa.

Chenga Twawala
Halafu ndo mtu pekee kuwa mfungaji bora Serie A, B na C1, yaani madaraja yote matatu ya juu

Mzee wa Calcio
@Chenga Twawala hapana, yuko na Igor Protti. Protti naye balaa, 1996 kafunga 24 na Bari akagawana ufungaji bora na Signori, na Bari ikashuka daraja hivyohivyo.

Chenga Twawala
Duh. Sawa nimekubali. Ila Trapattoni, kocha wa Italia, 2002 kumwacha mfungaji bora wa ligi na kwenda Kombe la Dunia bila yeye?

dada_nyavu
Vieri, Inzaghi, Del Piero, Totti, Montella. Umtoe nani hapo we? Ana 35 huyo.

Kona_ya_Mbali
Basi kuna kitu kimenichekesha. 2001 Brescia wanamleta Luca Toni, Hübner anaenda zake Piacenza. Rekodi ya mfungaji bora mzee kuliko wote Serie A akaiweka Hübner msimu huohuo, na aliyekuja kuivunja 2015 akiwa Verona ni Toni huyohuyo, ana 38. Kesho narudi nayo kijiweni, anayedaiwa soda ni yule aliyenibishia, sio mimi.