Naomba ushauri: namna ya kusoma takwimu za maji ya Mto Nyando

Hamjambo wadau. Niko Ahero, kaunti ya Kisumu, na ni katibu wa chama chetu cha watumiaji maji. Tunaandaa ripoti fupi kuhusu Mto Nyando kwa wakulima wa mpunga, nami nimepakua takwimu kutoka hifadhidata moja ya mtandaoni. Excel naimudu. Kinachonikwamisha ni kuelewa kilichoandikwa humo.

Safu ya fosforasi ina tarakimu za kawaida, halafu ghafla unakuta "<0.05". Najua hiyo si sifuri: ni kwamba maabara haikuweza kupima chini ya hapo. Lakini nikitafuta wastani, Excel inaziruka seli hizo zote, na mto unaonekana mchafu kuliko ulivyo.

Nitrati ndiyo kizungumkuti zaidi. Kituo kimoja kimeandika "NO3-N" (yaani nitrati iliyohesabiwa kama nitrojeni), kingine "nitrati, mg/L" basi. Kiwango cha WHO cha maji ya kunywa ni 50 mg/L kikipimwa kama nitrati, ila ni takribani 11 kikihesabiwa kama nitrojeni, kwa hivyo nikikosea hapo nitawatia watu hofu bure, au nitawaficha hatari. Maelezo ya faili hayasemi kitu. Nimewaandikia wahusika, bado kimya.

Sasa naomba kujua: hizo "<0.05" niweke nusu yake, yaani 0.025, ama niachane na wastani nitumie thamani ya katikati? Na kile kituo kisichofafanua nitrati, kuna njia ya kujua walipima vipi, au nikitoe tu? Ripoti inasomwa Ijumaa. Asanteni.