Padre aliyenilea kafariki, kumbe hakuwa wangu peke yangu. Mliowahi kufiwa na mlezi wa kiroho tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni. Mnivumilie, naandika kwa simu na kichwa hakijatulia. Mwezi uliopita alifariki padre aliyenilea. Hakuwa baba wa kunizaa wala mjomba, hatuna hata tone la damu, ila kwa miaka 11 kila nilipokwama nilimpigia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Alinikuta nina miaka 17, shule nimeacha, hasira na dunia nzima, akanipa kazi ya kupanga vitabu ofisini kwake. Kazi yenyewe nimekuja kugundua baadaye sana kwamba haikuwepo, alikuwa anavivuruga mwenyewe jioni ili kesho yake nikute cha kupanga.

Sasa kilichonileta hapa. Siku ya mazishi niliingia kanisani nikijua mimi ndo nimefiwa. Nakuta kanisa limejaa mpaka nje na kila ninayeongea naye ananiambia "mi Padre alikuwa ananichukulia kama mwanae". Kuna mama alikuwa anashikiliwa huku na huku asianguke. Kuna kijana wa rika langu kabisa, analia kama nilivyokuwa nalia mimi, nikamuuliza wewe umemjuaje, akanisimulia vitu ambavyo nilidhani padre alinifanyia mimi tu. Nikaona wivu. Ndiyo, wivu, msibani, najua ni aibu lakini ndo ukweli wenyewe. Ndugu wa damu walikuwa na benchi lao mbele, mapadre wenzake na upande wao, sisi tuliolelewa naye hatuna jina la kuitwa wala pa kukaa, nikasimama kwenye nguzo.

Kesho yake tukaombwa mimi na wenzangu wawili tusaidie kutoa vitu chumbani kwake. Alikuwa mtawa, ana nadhiri ya ufukara, kwa hiyo maisha ya miaka 70 na kitu yaliingia kwenye maboksi manne na la nne halikujaa. Mashati, vitabu, miwani ambayo mkono mmoja umefungwa uzi. Stola ya zambarau, kile kitambaa kirefu cha shingoni anachovaa padre akiungamisha, pale katikati shingoni kwenye kimsalaba ambacho padre hukibusu kabla ya kuivaa rangi ilishaisha kabisa, pamebaki peupe. Alafu kidaftari kidogo. Nikakifungua. Siku saba za wiki, chini ya kila siku majina. Alhamisi, jina la nne, mimi.

Huyu mzee alikuwa ananipigia kila Alhamisi saa tatu usiku. Miaka yote nilikuwa najisemea leo kanikumbuka. Kumbe nilikuwa kwenye ratiba, tena wa nne!

Kidaftari bado ninacho. Mliofiwa na mtu wa hivi, awe padre, mchungaji, sheikh, yeyote aliyekushika mkono, mlifanyaje? Na huu wivu unaisha lini?

Kengele Ndogo
Pole sana mkuu. Wivu sijui unaisha lini, mi wangu una miaka 6 sasa.

Nilikuwa mtumishi wa altareni kwa padre mmoja mkali kwa sura tu. Siku yangu ya kwanza nikapiga kengele kabla ya wakati, kanisa zima likapiga magoti, yeye akasimama kimya akasubiri watu wanyanyuke mmoja mmoja. Nikajua nimekwisha. Baada ya misa akanikuta sakristia najificha nyuma ya makanzu, akasema, "Usijali, kuna waliokuwa wamelala." Basi, hakulirudia tena.

Alipofariki mi ni mtu mzima tayari lakini nikaomba nishike msalaba wa maandamano. Jeneza likaingizwa, nikaona wanaligeuza nikadhani wamekosea. Mlei, yaani muumini asiye padre, huwekwa miguu ikielekea altare, kama alivyokuwa akikaa kusali. Padre anageuzwa, kichwa ndo kinakuwa upande wa altare, yaani anawatazama watu kama siku zote akisimama kuhubiri. Juu wakaweka kitabu cha Injili. Nilikuwa nimejikaza vizuri tu mpaka nilipoelewa kwa nini kageuzwa, hapo msalaba ukaanza kutikisika mikononi aisee, mzee wa nyuma yangu ikabidi aushike chini.

Zamu ya Usiku
Mi ni nesi, yangu fupi. Nilimhudumia padre mzee siku zake za mwisho, akaja padre kijana kumpa mpako wa wagonjwa. Ilipofika kwenye mikono mzee akaigeuza, migongo juu. Nikadhani amechoka nikataka kumsaidia kuigeuza viganja vikae juu, akanivuta mkono. Yule kijana ndo akanieleza, viganja vilishapakwa mafuta siku ya upadrisho, kwa hiyo kwa mapokeo padre hupakwa mgongoni mwa mkono.

Kumbe kijana huyo alisomeshwa upadre kwa mkono wa huyo mzee. Akaanza sala, sauti ikakata. Akaanza tena ikakata. Mzee, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameongea neno, akawa anamtajia maneno chini chini, kipande kwa kipande, kama mwalimu anayemnong'oneza mwanafunzi jibu, mpaka wakamaliza. Anapakwa yeye na anayefundisha ni yeye. Nilitoka nje nikasingizia naenda kuchukua dripu.

Binti Ustadh
Nipo mimi Muislamu kwenye hii mada, msinifukuze. Hesabu nilifundishwa na padre. Nilikuwa sijui chochote, hata sehemu za kawaida zilikuwa zinanitoa machozi. Alikuwa anatufundisha jioni bure, watoto wote, na muda wa swala ukifika anatazama saa anasema, "Wewe nenda kaswali, hesabu itakungoja." Wala hakuwahi kusahau, kuna siku mimi nimesahau yeye kanikumbusha.

Leo mi mwalimu wa hesabu. Alipofariki nilienda, nikasimama mlangoni maana sikujua wakati gani watu wanakaa wakati gani wanasimama, kila wakisimama mi ndo nakaa. Bibi mmoja akanivuta kitambaa akaniambia kaa na mimi mwanangu, fanya ninavyofanya. Mleta mada umeuliza pa kukaa, mi nilikaa hapo.

Mwendo Mrefu
Kwenye mazishi ya wachungaji mtasikia Timotheo wa pili sura ya nne, mstari wa saba, vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza. Mchungaji aliyenilea alikuwa anaujua vizuri sana huo mstari ila alikuwa anatuambia shukeni chini kidogo, mstari wa 13. Hapo Paulo anamuomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu. Alafu mstari wa 21 anamwambia ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Mchungaji alikuwa anacheka, anasema mtume mzima, anakaribia kufa, na baridi inamuuma kama mimi na nyie, hapo ndo namwamini.

Sasa wakuu, alinitumia meseji. "Ukipata nafasi pita unione." Nikajibu "Amina Baba, mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ukafika nina kazi, nikasogeza. Nikasogeza tena. Mnajua inavyoisha.

Waliponipa nafasi ya kusema neno wenzangu walitegemea nitasoma mstari wa saba, nikasoma wa 21 nikakaa chini. Nadhani wengi hawakuelewa. Meseji sijaifuta.

Nimekaa Kimya
Naomba na sisi tuwepo. Mchungaji wangu alinilea vizuri kuanzia utotoni, alafu nikiwa na miaka 23 nikapata mimba kabla ya ndoa akanisema mbele ya kanisa zima, jina kwa jina. Sikurudi tena. Alikuja kufa watu wanaandika malaika, malaika, mi nakunja uso nafunga simu. Lakini pia ndo aliyenifundisha kusoma mbele za watu bila kutetemeka na kazi ninayofanya leo ni ya kuongea mbele za watu. Sikuenda kwenye mazishi. Nililia jikoni peke yangu wiki mbili baadaye kwa sababu nilisikia mtu anakohoa kama yeye. Sina zaidi, nimesema tu.

Zamu ya Usiku
@Nimekaa Kimya nimekusoma dada. Pole.

Aliyetoka Seminari
Mleta mada nina mambo mawili na la kwanza ni la kukukera. Hicho kidaftari kirudishe. Kama alikuwa mtawa basi hata kalamu aliyoandikia si mali yake, ni ya shirika, itakuwa wewe uliyepewa maboksi ubebe? Na kingine, mambo ya watu waliyomwambia padre hayana mwenye haki ya kuyasoma. Sisemi kuna maungamo humo, padre haandiki maungamo, siri ya kitubio hata ukimtoa roho hasemi na akiivunja makusudi anajitenga na Kanisa papo hapo. Ila hata majina tu, mtu kuwa kwenye orodha ya padre siku ya Jumanne ni jambo lake yeye na padre.

La pili hiyo ratiba iliyokuuma. Askofu Desmond Tutu akiwa kijana alilazwa kwa kifua kikuu, zaidi ya mwaka yupo hospitali, na padre mmoja Mwingereza anaitwa Trevor Huddleston akawa anaenda kumwona wiki kwa wiki. Ndo huyu huyu aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi 1960 mpaka 1968. Unadhani mtu mwenye parokia nzima anafika kitandani kwa mtoto mmoja kila wiki kwa kukumbuka tu? Tutu alikuja kumpa mwanae wa kiume jina la Trevor. Na Huddleston huyo huyo ndo aliyempatia Hugh Masekela, yule mwanamuziki wa Afrika Kusini, tarumbeta ya kwanza, nayo sijui ilikuwa siku gani kwenye ratiba. Alipofariki 1998, sasa hao wawili wangegombana nani alikuwa wa kwake?

Mi nilitoka seminari mwaka wa tano. Niliogopa kumwambia mlezi wangu kuliko kumwambia mama. Nikamwambia, akaniuliza una nauli? Nikasema sina. Akanipa, akanibebea begi mpaka getini. Mpaka leo sijui wangapi aliwabebea begi, na sitaki kujua, kwa hiyo nakuelewa.

Mleta mada
Asanteni wote, nimesoma kila moja, nyingine mara mbili mbili. Dada uliyekaa kimya asante zaidi.

@Aliyetoka Seminari ulinikera kweli ila nimekirudisha. Nimempelekea mkuu wa nyumba yao leo mchana. Nikamuungamia kabisa kwamba nilifungua ukurasa wa Alhamisi, wa siku nyingine sikusoma. Akakipokea, akavaa miwani, akakitazama muda mrefu, akasema hii sio orodha ya simu. Ni watu aliokuwa anawaombea, kila siku na wake, baada ya sala ya usiku. Simu ilikuwa ni nyongeza, kwa wale wanaopigika. Nikamuuliza wanaopigika ndo wakoje. Akaniwekea kidole kwenye jina la kwanza la Alhamisi, juu yangu, ni la mama yake mzazi padre, ameshafariki miaka mingi.

Hao wawili wa katikati hakuniambia na mimi sikuuliza.

Wivu bado upo, nisiwadanganye. Ila yule kijana wa msibani nilikuwa nimechukua namba yake, sijui kwa nini nilichukua, nadhani nilitaka kuhakikisha anasema kweli. Leo si Alhamisi, saa tatu nimempigia. Hajapokea, nikajisemea afadhali, maana hata sikujua ningemwambia nini, nikaamua nije niwaandikie hapa kwanza.

Anapiga sasa hivi. Ngoja nipokee.