Tupeane uzoefu: Wenye Fiat 500 hapa Marekani, gari hili dogo la Kiitalia liliwafaa au lilikuwa pambo tu?

Mleta mada, Maryland

Ndugu zangu, salaam. Nimefungua uzi huu kwa sababu nimechoka kusikia Fiat 500 ikihukumiwa na watu ambao hawajawahi kushika usukani wake hata siku moja. Sisi tuliokulia Mbeya, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, jina la Fiat tulilijua kwa malori yaliyopandisha mizigo mizito milimani. Nilipofika nchi hii nikakuta jina hilohilo linatajwa kwa kicheko, na tangu hapo nimekuwa nikitafuta kisa chake.

Kwa ambao hawakufuatilia, Fiat iliondoka katika soko la Marekani mwaka 1983. Ilirejea baada ya Chrysler, kampuni ya magari ya Marekani, kufilisika mwaka 2009, pale Fiat chini ya mkurugenzi wake mkuu wa wakati huo, Sergio Marchionne, ilipochukua hisa na usimamizi wa kampuni hiyo. Gari lililotangulizwa lilikuwa 500, ambalo lilikuwa limezinduliwa upya mjini Turin mwaka 2007, miaka 50 tangu ile 500 ya mwaka 1957 iliyobuniwa na Dante Giacosa. Magari yaliyouzwa huku yaliundwa Toluca, Mexico, injini yake ya lita 1.4 ikitoka Dundee, Michigan, na bei ilianzia dola 15,500. Lengo lilikuwa kuuza magari 50,000 kwa mwaka 2011, lakini hayakufika hata 20,000. Mwaka uliofuata yaliuzwa zaidi ya 43,000, kisha soko likaanza kupoa, hadi mwaka 2019 ilipotangazwa kuwa hayataletwa tena.

Maoni yangu ni kwamba gari halikuwa na tatizo, bali lilinadiwa vibaya. Liliwekwa katika vyumba maalumu vya maonyesho vilivyoitwa studio, likatangazwa na mwanamuziki Jennifer Lopez, na mnunuzi wa kawaida akaamini kuwa ni kitu cha mitindo kama mkoba wa mkononi. Hakuna aliyemweleza mfanyakazi wa zamu mbili kwamba gari hili la gia za mkono lilikadiriwa kwenda maili 38 kwa galoni kwenye barabara kuu, katika mwaka ambao petroli ilikaribia dola 4. Mimi nilinunua la mwaka 2012 kwa mtu, likiwa na gia za mkono, na mtaani kwetu ambako maegesho ni ya kugombania, nimekuwa nikiingia katika nafasi ambazo wenye magari makubwa wanazitazama na kupita. Naomba kila mwenye uzoefu aeleze lake bila kuficha.

Mchangiaji, Minneapolis

Kaka mleta mada, ahsante kwa uzi huu. Mimi ni muuguzi msaidizi, nafanya kazi za usiku, na 500 nimeiendesha misimu mitano ya baridi. Nilipoinunua, shemeji yangu alinionya kwamba itafukiwa na theluji. Ukweli ni kwamba magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na injini imekaa juu yake, kwa hiyo ukifunga matairi ya theluji manne, si mawili, gari linashika barabara vizuri kuliko wengi wanavyodhani.

Kinacholishinda ni kimo. Alfajiri moja nilitoka kazini nikakuta gari la kusafisha barabara limepita na kuacha tuta la theluji iliyoganda, likafika usawa wa taa zangu za mbele. Nilichimba kwa sepetu ndogo mpaka glavu zikaloa. Wakatokea walinzi wawili wa jengo, mmoja akashika upande wa kulia wa bampa, mwingine kushoto, mimi nikaweka gia ya pili na kuachia klachi taratibu, likatoka. Lingekuwa pikapu pengine lingepanda lenyewe, lakini pia lingenigharimu mafuta mara mbili kila wiki.

Buti lake ni dogo, hilo sina namna ya kulipamba. Gunia la mchele la ratili 50 linaingia, na la pili linapanda kiti cha nyuma.

Mchangiaji, Houston

Nawaheshimu waliotangulia, ila mimi natofautiana nao. Miji haifanani. Kutoka kwangu hadi kazini ni maili 34 kwa njia ya juu, malori ya matangi yakiwa kulia na pikapu kushoto, na nguvu farasi 101 zinatosha mpaka pale unapotaka kuingia barabarani kwa kasi huku AC ikifanya kazi katika joto la Agosti. Sikulichukia gari. Nililiuza kwa sababu wakala niliyelinunua kwake alifunga duka, na aliyebaki karibu alikuwa mwendo wa saa mbili na nusu. Kila nilipohitaji kipuri nilipoteza siku nzima ya kazi, na kwa mtu anayelipwa kwa saa, siku hiyo ni fedha.

Halafu petroli ikashuka. Mwanzoni mwa mwaka 2016 ilikuwa chini ya dola 2, na majirani zangu wote wakarudi kwenye magari makubwa. Nadhani hapo ndipo biashara ya magari madogo ilipokatika pumzi, na ingekatika hata kama tangazo lingekuwa bora namna gani.

Mchangiaji, New Jersey

Wanangu, nimesoma michango yenu kwa makini. Mimi nilikuwa fundi huku tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Fiat 124 Spider na 128 zimepita mikononi mwangu nyingi, kwa hiyo naomba niongeze upande wa gereji.

Kicheko alichokisema mleta mada kinatokana na Wamarekani kuzichukua zile herufi nne za F, I, A na T na kuzigeuza sentensi, "Fix It Again, Tony", yaani "Itengeneze tena, Tony". Kutu ilikuwepo, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi haimwachi mtu. Lakini magari mengi niliyoyafungua yalikuwa yameuawa na wenyewe. Injini ya 124 Spider aliyoibuni Aurelio Lampredi, aliyewahi kuwa mhandisi wa Ferrari, iliendesha valvu zake kwa mkanda wa taimingi, yaani mkanda wa mpira wenye meno, wakati wateja wangu walizoea injini za mnyororo ambazo mtu anazisahau miaka kumi. Mkanda haukubadilishwa, ukakatika, kisha lawama zikaenda Italia. Nilikuwa nikiwawekea mkanda wa zamani mezani, naupinda kwa vidole ili wauone unavyopasuka kati ya meno, ndipo wanaelewa.

500 hii mpya nayo ina mkanda. Tena ule mfumo wake wa MultiAir unatumia oili yenyewe ya injini kusukuma valvu za kuingiza hewa, yaani oili pale si ya kulainisha tu, ni kiungo kinachofanya kazi. Ukichelewa kuibadilisha, au ukaweka yoyote uliyoipata kwa bei ya chini badala ya ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, usishangae injini ikianza kukohoa. Muuguzi wangu wa Minneapolis, nakuomba uangalie kitabu chako kimeandika mkanda ubadilishwe lini.

Mchangiaji, Minneapolis

Shikamoo, mzee. Nimekisoma usiku huuhuu na nimeshapanga siku ya kupeleka gari. Nashukuru sana.

Mchangiaji, Oakland

Mimi nilikuwa na 500e, ile ya umeme ya kwanza, iliyoletwa California mwaka 2013. Marchionne mwenyewe alisema hadharani mwaka 2014 kwamba anatumaini watu hawatainunua, kwa sababu kila moja ilimtia hasara ya dola 14,000. Sisi tulioikodi kwa mkataba wa miaka mitatu tulifaidika na hasara hiyo. Ilikadiriwa kwenda maili 87 kwa chaji moja, na kwa safari zangu za kumpeleka mtoto shule, kazini na sokoni, nilirudi nyumbani kila siku ikiwa imebaki zaidi ya nusu. Katika soketi ya kawaida ya ukutani ilihitaji karibu siku nzima kujaa ikiwa imeisha kabisa, kwa hiyo nilizoea kuichomeka kila jioni kama simu. Kwa usafiri wa mjini, sijawahi kuwa na gari lililonifurahisha kuliko lile, kwa jinsi lilivyokuwa kimya na jepesi kugeuka.

Mleta mada, Maryland

Ahsanteni wote. Kaka wa Houston, hoja yako ya wakala nimeikubali. Nilikuwa naitazama hii habari kwa jicho la mtu wa mji wenye mitaa myembamba, na ni kweli kwamba gari lisilo na fundi karibu ni mzigo hata likiwa zuri.

Sasa naomba tuendelee na walioichukua 500e mpya, inayoundwa katika kiwanda cha Mirafiori, Turin, na kuanza kuuzwa huku mwaka 2024. Betri yake ni ya kilowati-saa 42, makadirio ni maili 149, lakini bei ilipoanza kuuzwa mwaka huo ilikuwa imepanda hadi zaidi ya dola 32,000, mara mbili ya ile niliyoitaja mwanzo. Mke wangu ameijaribu Jumamosi iliyopita na ameipenda. Mimi nataka kwanza kusikia kutoka kwa mtu aliyepitisha nayo Januari moja: maili hizo 149 zinabaki ngapi wakati hita inawaka, na fundi wake anampata wapi?